Una Shahada ya Fizikia? Namna ya Kuitafutia Kazi, Hatua kwa Hatua

Fungua tovuti yoyote ya matangazo ya kazi, andika neno "mwanafizikia", kisha hesabu majibu. Yatakuwa haba, na mengi kati ya hayo yatadai shahada ya uzamivu. Andika "mhasibu" au "muuguzi", ukurasa unajaa. Hapo ndipo wahitimu wengi wa fizikia hukata tamaa wakidhani soko limewafungia mlango. Kumbe wanafizikia wamejaa makazini, ila kazi zao zina majina mengine: mchambuzi wa data, ofisa wa ulinzi wa mionzi, mtabiri wa hali ya hewa, mkaguzi wa maungio yaliyolehemiwa kwenye mabomba, msimamizi wa hatari benki.

Mwongozo huu unahusu kazi hizo zenye majina mengine, na namna ya kuzifikia ukiwa na shahada ya kwanza mkononi.

Hatua ya 1: Orodhesha ulichofanya, usiorodheshe ulichosoma

Majina ya kozi hayamsaidii mwajiri. "Mekanika ya Kwanta II" haimwambii kama unaweza kutafuta hitilafu kwenye kifaa au kukabidhi ripoti kwa wakati. Chukua daftari zako za maabara na ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, zipitie ukurasa kwa ukurasa, na kila unapokutana na kitendo, kiandike pembeni.

Tuseme mradi wako ulikuwa kupima mionzi asilia katika udongo. Kwenye jalada inasomeka hivyo tu, lakini ndani kuna mengi. Ulipanga mahali pa kuchukua sampuli. Ukakausha udongo, ukausaga, ukauchekecha, ukaufungia kwenye vyombo visivyopitisha hewa na kuuacha takriban wiki nne, kwa sababu radoni, ambayo nusu-uhai wake ni siku 3.8, ilihitaji muda huo ili ifikie mizani na radiamu inayoizaa. Ukakisahihisha kigunduzi kwa chanzo cha sesiamu-137, ambacho kilele chake cha nishati kinajulikana kuwa keV 662. Ukaandika programu fupi ya kutafuta vilele. Ukakokotoa mashaka ya kila kipimo, yaani kiasi ambacho huenda kimekosea, ukaandika ripoti, ukaitetea mbele ya wakaguzi.

Mradi ni mmoja, lakini kuna kazi kadhaa ndani yake: kufuata utaratibu wa ubora bila kurukaruka, kusahihisha vifaa vya kupimia, kuchambua data kwa kompyuta, kuandika na kutetea. Kila moja ya hizo ina watu wanaolipwa kwa kuifanya kila siku. Hata jaribio lililoharibika lina thamani yake hapa, maana uliyekaa jioni nzima ukitafuta kelele inatoka waya gani, umefanya kazi ambayo fundi wa vifaa anaijua vizuri.

Hatua ya 2: Tenganisha milango yenye kufuli na iliyo wazi

Kabla ya kupenda kazi fulani, uliza kama shahada yako pekee inakuruhusu kuifanya. Baadhi ya kazi zinalindwa na sheria au na bodi za taaluma, na hakuna ujanja wa kupita pembeni.

Fizikia ya tiba ndiyo yenye kufuli kubwa kuliko zote. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) unataka shahada ya kwanza ya fizikia au fani inayolingana nayo, kisha shahada ya uzamili katika fizikia ya tiba, kisha mafunzo ya kliniki chini ya msimamizi kwa muda usiopungua miaka 2. Ualimu wa shule katika nchi nyingi unadai stashahada ya ualimu juu ya shahada ya somo. Cheo cha mhandisi aliyesajiliwa hakipatikani kwa shahada ya fizikia pekee sehemu nyingi. Utabiri wa hali ya hewa nao una viwango vyake vilivyowekwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO), lakini kufuli hili ni dogo: mhitimu wa fizikia hesabu anazo tayari, hivyo kozi ya ziada ya hali ya hewa, mara nyingi ya mwaka hivi, humtosha.

Milango iliyo wazi ni ya data, programu, nishati ya jua, vifaa vya maabara, udhibiti wa ubora viwandani, benki, bima na uandishi wa sayansi. Huko hakuna anayekuuliza leseni. Lakini kwa kuwa hakuna leseni, utashindana na kila mtu.

Hatua ya 3: Ijue siku ya kazi ilivyo

*Hospitali.* Katika idara ya tiba ya mionzi, mwanafizikia huwa amefika kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mashine inawashwa, miali ya leza inayoonyesha kitovu cha mionzi ya mashine inahakikiwa kwa milimita, halafu kifaa cha kupimia kinawekwa chini ya mashine na kupigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana. Matokeo yakitofautiana na yanayotarajiwa kwa zaidi ya asilimia 3, wagonjwa wanasubiri hadi sababu ipatikane. Baadaye anakaa kwenye kompyuta kupanga dozi: pengine grei 60 zilizogawanywa katika vipindi 30 vya grei 2, zikilenga uvimbe na kuuepuka uti wa mgongo ulio sentimita chache kando. Kosa la desimali hapo humwangukia mtu mwenye jina na familia. Wako wanaopata nguvu kwa kulijua hilo, wengine linawanyima usingizi. Ni vizuri kujua wewe ni wa upande upi kabla ya kulipa ada ya uzamili. Nje ya tiba ya mionzi kuna pia fizikia ya picha (eksirei, sitiskani, emarai) na tiba ya nyuklia.

*Ulinzi wa mionzi.* Hii ni njia inayosahaulika, na kwa mhitimu mpya ni rahisi kuingia kuliko ile ya hospitali. Popote palipo na chanzo cha mionzi, iwe hospitali, mgodi, kiwanda kinachopima ujazo wa matangi kwa miali ya gama au bandari inayokagua makontena, panahitajika mtu wa kuhakikisha mipaka haivukwi. Mipaka yenyewe ni ya kimataifa: mfanyakazi asizidi wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, na mwananchi wa kawaida milisieverti 1. Sehemu kubwa ya kazi ni ukaguzi, kumbukumbu na mafunzo kwa wafanyakazi. Haina mbwembwe. Lakini sheria ndiyo inayoitaka, hivyo haitegemei upepo wa soko.

*Ardhi na anga.* Kama ulipenda sumakuumeme na hupendi kiti cha ofisini, jiofizikia inakufaa. Chukua kutafuta maji ya chini ya ardhi. Vijiti vinne vya chuma vinachomekwa ardhini katika mstari. Viwili vya nje vinapitisha mkondo wa umeme, viwili vya ndani vinapima volteji. Unavitanua hatua kwa hatua, na kadiri vinavyoachana ndivyo mkondo unavyozama na kukuletea habari za chini zaidi. Mwamba mkavu usio na nyufa unazuia umeme sana, uliopasuka na kushika maji unazuia kidogo. Ugumu uko kwenye tafsiri, maana udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi navyo vinapitisha umeme vizuri, na karatasi ya matokeo haikuandikii ni kipi kati ya hivyo umekikuta. Anayejua fizikia iliyo nyuma ya kifaa hutofautiana na anayejua vitufe tu, na mteja huiona tofauti hiyo kisima kinapochimbwa. Mbinu ndugu zake, yaani mawimbi ya tetemeko, mvutano na sumaku, zinatumika kwenye madini, mafuta, jotoardhi na uchunguzi wa misingi ya majengo.

Utabiri wa hali ya hewa ni fizikia ya mtiririko wa hewa na maji iliyoingizwa kwenye kompyuta kubwa. Anayependa milinganyo na programu atafurahi, ila ajue kuna zamu za usiku.

*Viwanda na vipimo.* Ukaguzi usioharibu kitu, ambao kwa altrasaundi, eksirei au mikondo ya umeme hutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukikata, una vyeti vya ngazi tatu chini ya kiwango cha ISO 9712. Ngazi mbili za kwanza zinafikiwa kwa kozi fupi na saa za kazi zilizothibitishwa. Mwenye shahada ya fizikia anaelewa haraka kwa nini mwangwi umerudi mapema, na njia ya kufika ngazi ya tatu, ya wanaoandika taratibu zenyewe, huwa nyepesi kwake. Kisha kuna maabara za vipimo, mahali ambapo mizani, vipimajoto na mita za viwanda vizima hulinganishwa na viwango vya taifa. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haifungwi tena na kipande cha chuma kilichohifadhiwa karibu na Paris. Inafungwa na thamani isiyobadilika ya Planck. Wahandisi wengi waliisoma habari hiyo wakapita. Ukiona ilikusisimua, basi maabara hizi zitakufaa.

Nishati ya jua na semikonda ni watoto wa fizikia moja kwa moja, tangu transista ya mwaka 1947. Kwenye sola hasa, usikubali kuishia kupanda mapaa. Nenda upande wa kukadiria uzalishaji, kukagua mifumo inayotoa pungufu, na kuandaa takwimu za wakopeshaji.

*Data, programu na fedha.* Huku ndiko wengi wanakokimbilia, na sababu zipo. Kutafuta mkunjo unaolingana na data, kutenganisha ishara na kelele, kuendesha uigaji wa Monte Carlo, yaani wa kompyuta inayojaribu namba za nasibu: haya umeyafanya chuoni bila kuyaita sayansi ya data. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, shahada yake ilikuwa ya fizikia. Fischer Black naye alianzia shahada ya kwanza ya fizikia, na mlinganyo wa Black na Scholes wa mwaka 1973, unaotumika kupanga bei za mikataba ya fedha, ukibadilisha vigeu vyake unakuwa ule ule wa kusambaa kwa joto uliousoma mwaka wa pili.

Lakini soko hili limesongamana, na cheti cha kozi fupi ya mtandaoni hakimtofautishi mtu. Pengo la wahitimu wa fizikia hapa linajulikana: wanaandika programu ambayo wao tu wanaielewa. Jifunze SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, jifunze kutunza matoleo ya programu kwa Git, na andika msimbo ambao mgeni anaweza kuuendesha bila kukupigia simu.

*Kufundisha, kueleza, kukagua hataza.* Ualimu wa fizikia una uhaba katika nchi nyingi, hivyo ajira ipo. Maoni yangu ni kwamba usiuchukue kama kibanda cha kujikinga mvua huku ukisubiri basi. Watoto hutambua mara moja mwalimu asiyetaka kuwepo. Ofisi za hataza huajiri wanaosoma uvumbuzi na kuamua kama kweli ni mpya; Albert Einstein aliifanya kazi hiyo Bern kuanzia 1902 hadi 1909. Na kwa wanaodhani siasa ni ya wanasheria tu, Angela Merkel alihitimu fizikia Leipzig mwaka 1978 kabla ya kuwa Chansela wa Ujerumani kuanzia 2005 hadi 2021.

Hatua ya 4: Ongea na anayeifanya

Chagua njia mbili, zisizidi. Kwa kila moja tafuta mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, si profesa anayeisimulia. Ujumbe uwe mfupi na ombi liwe dogo:

"Habari za kazi. Naitwa fulani, nimehitimu fizikia mwaka huu na mradi wangu ulihusu vigunduzi vya gama. Nafikiria kuingia ulinzi wa mionzi. Naomba dakika kumi na tano za simu, siku yoyote inayokufaa, nikuulize maswali matatu kuhusu kazi yako. Samahani kwa usumbufu, na asante."

Usiombe kazi katika ujumbe huo. Ukipewa muda, uliza: Jana, tangu ulipofika kazini, ulifanya nini? Mtu mliyemwajiri mwisho alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho? Ni kitu gani ungejifunza kabla ya kuingia? Swali la kwanza ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu watu wakiulizwa kuhusu kazi kwa ujumla hutoa hotuba, wakiulizwa kuhusu jana husema kweli.

Hatua ya 5: Ziba pengo moja

Sasa unajua unachokosa. Kizibe kimoja hadi kiishe kabla ya kugusa kingine. Kwa data ni SQL pamoja na mradi mmoja wa hadharani uliofanywa kwa takwimu halisi. Kwa ulinzi wa mionzi ni kozi inayotambuliwa na mamlaka ya nchi yako. Kwa ukaguzi wa viwandani ni cheti cha ngazi ya kwanza au ya pili. Kwa jiofizikia ni programu ya ramani kama QGIS, ambayo ni ya bure, na wiki chache za kubeba nyaya porini na timu yoyote itakayokukubali. Anayekusanya vyeti vitano vya fani tano humwachia mwajiri kazi ya kukisia anataka nini.

Hatua ya 6: Andika wasifu kwa vitendo

Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Linganisha mistari hii miwili.

Kabla: "Nilisoma fizikia ya nyuklia na kufanya mradi kuhusu mionzi asilia."

Baada: "Nilipima mionzi katika sampuli 30 za udongo kwa kigunduzi cha gama; nilikisahihisha kifaa, nikaandika programu ya Python ya kuchambua vilele, na kutoa kila matokeo pamoja na mashaka yake."

Mstari wa pili hauna chumvi hata chembe. Umetaja kifaa, idadi, zana na kilichotoka. Kwa kazi ya benki au kampuni ya simu, ule udongo ufupishe na programu uitangulize. Kwa maabara ya vipimo, tanguliza usahihishaji na mashaka. Mradi haubadiliki, unachobadilisha ni kipi kisomwe kwanza.

Hatua ya 7: Tafuta kwa majina mengine

Acha kutafuta "mwanafizikia". Jaribu haya, kwa lugha inayotumiwa na waajiri wa eneo lako:

- mchambuzi wa data, mchambuzi wa hatari, mchambuzi wa kiasi (quantitative analyst)
- ofisa wa usalama wa mionzi, mkaguzi wa vyanzo vya mionzi
- mtaalamu wa vipimo, ofisa wa udhibiti wa ubora
- mhandisi wa majaribio, mhandisi wa matumizi ya vifaa, msaidizi wa kiufundi wa mauzo ya vifaa vya maabara na hospitali
- mtaalamu wa uigaji wa kompyuta, mchakataji wa data za mitetemo, mtaalamu wa taarifa za setilaiti

Tangazo likisema "shahada ya uhandisi au inayolingana nayo", omba. Maneno "inayolingana nayo" yaliwekwa kwa ajili yako. Kuhusu mauzo ya vifaa, najua wengi hukunja uso. Fikiria tena: anayemweleza mkuu wa maabara kwa nini kigunduzi hiki kinamfaa na kile hakimfai anafanya fizikia kila siku, na huko anajuana na maabara zote za nchi.

Hatua ya 8: Kwenye usaili, fikiri kwa sauti

Swali la "fizikia itatusaidia nini hapa?" litakuja. Usijibu kwamba imekufundisha kufikiri. Kila mtu husema hivyo. Fikiri mbele yao.

Mfano, kwenye kampuni ya sola ukiulizwa paneli ya mita za mraba 2 itatoa umeme kiasi gani: katika hali ya majaribio mwanga ni wati 1000 kwa kila mita ya mraba, hivyo zinaipiga wati 2000, ufanisi ukiwa asilimia 20, inatoa wati 400. Wengi watakomea hapo. Wewe ongeza kwamba hali ya majaribio huchukua joto la seli kuwa nyuzi 25, wakati paneli juani hufika nyuzi 55 kirahisi. Ikipoteza asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, nyuzi 30 za ziada zinakula asilimia 12, unabaki na wati 350 hivi, kabla hujagusa vumbi na nyaya. Umetumia dakika mbili, na walioko mezani wamejua kwamba unatofautisha karatasi ya mtengenezaji na paa la mteja.

Usichokijua sema hukijui, kisha eleza ungekipima vipi.

Hatua ya 9: Uzamili na uzamivu

Usirudi chuoni kwa sababu kazi haijapatikana. Rudi kama kazi unayoitaka ina kufuli ambalo ufunguo wake uko chuoni, kama fizikia ya tiba, au kama utafiti wenyewe ndio unaoutaka. Ukienda, tafuta ufadhili kwanza. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP) kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa na mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea, kina programu ya stashahada ya kuwaandaa wahitimu kwa uzamivu na kinashiriki pia katika shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba. Katika uzamivu wa fizikia ni kawaida sehemu nyingi mwanafunzi kulipwa posho. Ukitakiwa kujilipia mwenyewe, usikubali haraka.

Fanya na hesabu ya nafasi. Profesa mmoja husimamia wanafunzi wengi wa uzamivu katika maisha yake ya kazi, naye akistaafu huacha kiti kimoja. Wengi wa waliobaki huishia kwenye kazi zile zile za hatua ya tatu, wakiwa na miaka minne au mitano zaidi ya umri na, kwa bahati nzuri, ujuzi wa ndani wa jambo moja. Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, mwombe msimamizi akutajie wanafunzi wake waliomaliza karibuni na wako wapi sasa. Akikutajia, waandikie ujumbe ule wa hatua ya nne. Akisitasita, watafute mwenyewe kwenye orodha za tasnifu za idara. Majina yao yapo.